Mpira Aliotaka Kuuona Mzee Hamdun

Timothy Okwiri alikuwa dereva wa nyumba moja ya Al-Safa, Jeddah, na kama madereva wengi wanaoshinda garini na mtu mmoja, alikuwa na mdomo. Mtu huyo mmoja alikuwa Mzee Hamdun, babake Madam Badriya, mwenye nyumba. Mzee alitoka Unguja kijana mwaka wa sitini na nne, akapanga kwanza mtaa wa Ruwais karibu na bahari, akazeekea Jeddah, ila Kiswahili chake hakikupata kutu. Timothy alikuja miaka ya elfu mbili na kumi, pamoja na wimbi la Wakenya walioletwa na mawakala, akadhani ataendesha gari kwa Kiarabu cha yalla na halas mpaka mkataba uishe. Kumbe kiti cha nyuma amekaa mzee anayemuuliza, kwa Kiswahili cha mjini Unguja, kama huko kwao wanajua kupika biriani au wanaunguza wali tu.

Kilichowaunganisha hasa ni kriketi. Mzee utotoni alikuwa akitoroka chuoni kwenda Mnazi Mmoja kutazama timu za mjini zikicheza. Timothy alizaliwa kwenye vyumba vya wafanyakazi wa klabu moja ya Nairobi, babake akiwa mtunza uwanja, na alicheza mpaka akafika timu ya akiba ya mkoa. Mwanzoni alisema hivyo hivyo, timu ya akiba. Lakini foleni za Jeddah ni ndefu, na baada ya muda neno "akiba" lilidondoka mahali fulani njiani, likazolewa na wasafisha barabara. Kufikia mwaka wa tatu Timothy alikuwa ameshawapiga warushaji wa mataifa ambayo hayakuwahi hata kukanyaga Nairobi. Mzee alijua anatiliwa chumvi, akamwacha aendelee, maana hadithi ilikuwa tamu.

Sasa sukari ilikuwa inamla mzee macho. La kulia lilishazima. La kushoto lilibaki linaona kama mtu anayechungulia kwenye kioo cha bafuni kilichojaa mvuke. Mwanawe Rayan, aliyekuwa akikaa Riyadh, akampatia daktari huko wa kumpasua, na daktari hakumficha kitu: jicho hilo litapona, au litakwenda moja kwa moja. Safari ilipangwa mwanzoni mwa wiki iliyofuata. Mzee akaomba jambo moja tu kabla ya kuondoka. Alitaka apelekwe Ijumaa akamtazame Timothy akicheza.

"Nikirudi naona, alhamdulillahi," alimwambia. "Nisiporudi naona, nnataka jicho hili liwe limekuona wewe ukipiga, walau mpira mmoja. Kukusikia nimekusikia vya kutosha."

Timothy akaahidi. Na ahadi ilimkalia vizuri, kwa sababu Ijumaa hiyo haikuwa Ijumaa ya mazoezi. Timu ya wafanyakazi wa Riyadh ilikuwa inakuja kucheza na ya Jeddah, kama walivyofanya kila mwaka, basi zima la Wapakistani, Wahindi na Wabangladeshi waliosafiri usiku kucha wakiimba. Upande wa Jeddah nao ni walewale, ukimwongeza Mkenya mmoja. Nahodha wao, Shafqat, Mpakistani fundi wa rangi, alimweka Timothy awe wa tatu kuingia kupiga.

Uwanja wenyewe ulikuwa kiwanja kitupu upande wa Karantina, udongo na kokoto, hakuna jani la dawa. Katikati palimwagwa ukanda wa saruji, na siku ya mechi hutandikwa jamvi la makumbi juu yake, mpira ukadundia hapo. Timothy aliegesha gari karibu kabisa na mpaka wa uwanja, dirisha la mzee likaelekea katikati. Akamwekea maji, akamfuta miwani. Mzee akakaa wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Mawingu yalikuwepo tangu asubuhi, lakini Jeddah mawingu huja na kwenda, nani huyajali? Mpigaji wa kwanza akatolewa. Wa pili naye akajichanganya, akatolewa. Timothy akachukua gongo lake, akatembea kuelekea katikati kwa mwendo wa mtu anayejua anatazamwa. Alipokanyaga jamvi tu, tone la kwanza likampiga shingoni.

Mvua ya Jeddah ni sherehe. Wachezaji walinyanyua viganja juu wakicheka, mmoja akaomba dua. Mrushaji wa Riyadh akafuta mpira kwenye suruali, akasimama tayari. Desturi yao ilikuwa hii: kwa kuwa hawakuwa na waamuzi wa maana, mvua ikianza, anayeamua ni mpigaji aliye uwanjani, kwa sababu yeye ndiye anayerushiwa mpira ulioloa. Akitaka, mchezo unaendelea. Akinyanyua mkono, wote wanatoka.

Timothy akanyanyua mkono.

Sababu ya kwanza ilikuwa ya kweli. Kwa babake, tone likidondoka tu ilikuwa mbio za maturubai. Anayekanyaga uwanja wa nyasi ukiwa umelowa huacha mashimo, mashimo hukauka, na kesho yake mpira hudunda hapo ukamvunja mtu taya. Timothy alilishwa sheria hiyo pamoja na uji, akaileta mpaka mahali ambapo hakukuwa na nyasi wala tope, saruji tupu. Sababu ya pili hakumwambia mtu. Mpira uliolowa huteleza, na mtu anaweza kutolewa na mrusho wa kwanza kama mjinga. Garini kulikuwa na mzee aliyesikia habari za Timothy miaka mitatu mizima. Mdomo ulikuwa umemponza, sasa mkono ukaogopa.

Shafqat alimwendea akamwambia mafi mushkila, hakuna shida, hii saruji, haiharibiki, wageni wana safari ndefu ya kurudi. Timothy akatikisa kichwa. Ndipo kioo cha gari kikateremka.

"Timothy," mzee aliita. "Cheza, bwana. Saruji haiozi."

Timothy akamkimbilia dirishani. "Baba, subiri kidogo ikauke. Nataka uone kitu proper."

"Hicho kidogo ndicho miye sina," mzee akasema, akapandisha kioo.

Mvua ikazidi. Timothy aliketi kwenye usukani akiitazama. Hatimaye ikapungua, ikabaki manyunyu, na vijana wakaingia na mafagio kuyasukuma maji. Jamvi likakung'utwa. Ulibakia muda mdogo tu mchezo urudi. Timothy alikuwa ameshashika kitasa cha mlango simu ilipolia.

Alikuwa Madam Badriya. Barabara zilikuwa zinajaa, alisema, na kila mtu Jeddah anajua maji yakiingia mabarabarani yanavyobeba magari na watu wake. Amrudishe baba sasa hivi. Timothy akaomba dakika kumi. Madam akasema halas, basi, na huwezi kumlaumu. Mtu mwenye baba mmoja hakopeshi dakika kumi kwa mafuriko. Timothy akawasha gari. Walipokuwa wakitoka kiwanjani, nyuma yao ikasikika sauti ya gongo likipiga mpira, kisha kelele za watu.

"Nani anapiga?" mzee akauliza.

Timothy akatazama kwenye kioo. "Kijana mmoja wa Bangladesh, baba."

"Anapiga vizuri?"

"Anapiga."

Mzee akageuza shingo kutazama, lakini mchezo ulikuwa umeshakuwa mbali kwa jicho lake. Siku ile walifika nyumbani salama, maji yakiwa nusu ya magurudumu, na Timothy akasifiwa na nyumba nzima kwa uangalifu. 

Riyadh, upasuaji haukufaulu. Timothy alipata habari jikoni, madam akilia, akatoka kwenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi. Ijumaa zilizofuata alicheza kila alipopewa ruhusa, na siku moja, jua kali, jamvi kavu kama biskuti, akapiga vile alivyokuwa akidanganya kila siku. Mpira ulivuka ukuta wa jirani mara kwa mara hata Shafqat akaja kumkumbatia. Timothy alitazama pale alipoliegesha gari siku ile ya mvua. Akajisikia kama mtu aliyepika pilau wageni wakiwa wameshaondoka.

Miezi baadaye alimwendesha madam mpaka Riyadh kumtazama babake, aliyebaki huko kwa mwanawe. Mzee alikuwa ameketi sebuleni kwa Rayan, miwani hana tena, ya nini. Akaitambua hatua ya Timothy kabla hajatoa salamu, akampapasa mkono, akauliza kama alicheza tena.

Timothy akajibu kwamba alicheza, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haja ya kuongeza chumvi. Akaanza kueleza ile siku ya jua kali, mrushaji alivyokuja, yeye alivyopiga hatua mbele, mpira ulivyopaa ukavuka ukuta. Alieleza taratibu, akitaka mzee auone kila mpira. Mzee alisikiliza akitabasamu kidogo, kisha akaukandamiza mkono wake, akamnyamazisha.

"Nnakusadiki," alisema. "Lakini hiyo, Timothy, nishaisikia."