Redio Aliyonichagulia Mzee Hamed

Nasimulia haya huku uso nimeuziba kwa viganja. Kikundi chetu cha wapenda redio hapa Ibra, Uarabuni, kilinitaka ninunue redio ya mkononi ya kuzungumziana. Za rahisi zilikuwa zinakwaruza, za ghali siziwezi. Mzee Hamed, mkuu wetu, mtu wa mji jirani wa Bidiya ambaye nilikuwa sijamsikia akisema ila Kiarabu, akanishauri nichukue ya dijitali ya bei ya kati. Alisema sauti yake safi, na wenye redio za zamani hawakusikii.

Hilo la kutosikiwa ndilo lililonivutia. Nikanunua yangu na ya binamu yangu Zuhura.

Ijumaa tukenda mchangani, kule jangwani, na kikundi kizima. Mzee Hamed akaongoza, akatupoteza mara mbili. Nikabonyeza kitufe, nikamwambia Zuhura, aliyekuwa gari ya nyuma, kwa Kiswahili, lugha yetu ya kusengenyea watu tangu utotoni:

"Huyu mzee kujitia anajua tu! Huyu hata chooni kwake hupotea. Na ile kahawa yake asubuhi, wallahi, maji ya kuoshea vikombe!"

Zuhura alicheka mpaka akapaliwa.

Gari ya mbele ikasimama. Sote tukasimama. Redio yangu ikasema kwa Kiswahili, kwa sauti safi kama nilivyoahidiwa:

"Mwanangu, mimi mzaliwa wa Wete. Na redio niliyokuchagulia ni kama hii yangu. Hata shikamoo hukunipa."

Nikabonyeza kitufe. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Haya, pita mbele utuongoze."