Kengele Iliyofuata Saa ya Zambia

Majina yao wote ninayo. Ninayo na ya wazazi wao na ya mababu zao, maana mimi shule niliishia darasa la nne lakini kichwa sikukiacha huko. Ila hapa sitaandika jina la mtu. Watu wa Tunduma hawachelewi kuja mlangoni kukuuliza.

Walikuwa watatu. Wa kwanza mjukuu wangu, binti, amemaliza kidato cha nne anasubiri matokeo. Wa pili kijana wa mama mmoja muuza mitumba. Wa tatu kijana wa fundi viatu, mrefu, mwenye shingo ya kuchungulia kila sufuria inayofunikwa. Walikuja kuniomba stoo yangu ya mahindi. Walisema wanajifunza kuandika programu za kompyuta, wenyewe kwa wenyewe.

"Bila mwalimu mtajuaje kama mmekosea?" nikawauliza.

"Mashine inakataa, bibi."

"Hata punda anakataa. Hajamfundisha mtu."

Lakini stoo niliwapa, na magunia yangu yakahamia sebuleni. Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta iliyotupwa na ofisi moja ya wakala wa mizigo pale mpakani. Kioo kilikuwa na mstari mweusi katikati, na betri ilikuwa imekufa, hivyo umeme ukikatika, na kwetu unakatika, walichoandika chote kinapotea. Ndiyo maana kwanza waliandika kwa kalamu, upande wa ndani wa makatoni ya sabuni, kisha wakaingiza kwenye mashine kwa haraka kama watu wanaoanua nguo mvua inakuja. Stoo ikajaa makatoni. Hata panya walihama.

Bando la kutazama masomo hawakuwa nalo. Dada yangu ameolewa Nakonde, ng'ambo ya pili, na mjukuu wake ana duka lenye intaneti. Basi hawa watatu walivuka kwa miguu, wakasimama nje ya ukuta wa lile duka na simu moja yenye kioo kilichopasuka. Mmoja alikariri mwanzo wa somo, mwingine katikati, mwingine mwisho. Wakirudi walikaa stoo kuunganisha, wanabishana kama mashahidi wa ajali. Siku ambayo wa katikati alisinzia, somo lilikosa kiuno.

Na kiburi walikuwa nacho. Baada ya juma zima la kelele waliniita nione. Kwenye kioo pameandikwa "Habari dunia". Nikasubiri. Hakuna kingine.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo mwanzo, bibi. Kila anayejifunza anaanza hivyo."

Dunia yenyewe haikuitika.

Siku nyingine walishinda wanatafuta nukta moja waliyoisahau. Vijana watatu wenye nguvu, jembe liko nyuma ya mlango, wanatafuta nukta.

Binti yangu, yaani mama wa huyo mjukuu, anaishi Itumba. Ana kibanda cha kutoa fotokopi karibu na ofisi za wilaya, na alimtaka mtoto wake akasimame kwenye mashine. Alinipigia simu akasema atakuja baada ya Krismasi. "Mama, nikifika nione kazi, siyo makatoni. Nisipoiona nambeba." Mjukuu wangu alisikia, maana binti yangu huongea na simu kama anaita ng'ombe. Tangu siku hiyo mtoto akapungua maneno.

Kazi waliyoipata ni ya kengele. Kengele ya kanisa letu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa, na mzee aliyekuwa anaigonga alikwenda Galula kwa wanawe. Vijana wakairekodi ile rimu sauti zake zote, wakasema simu moja iliyounganishwa na spika ya kanisa itagonga yenyewe.

Wakaja nayo mbele ya mzee wa kanisa, yule mwenye saa ya mkononi kubwa kama mfuniko wa birika. Akawasikiliza amefumba macho.

"Kwani simu yangu haina alamu?"

"Alamu ina mlio mmoja tu, mzee," mjukuu wangu akamjibu. "Hii hata ukiwa shambani unaitumia ujumbe. Ukiandika msiba, inagonga polepole. Jumapili inagonga haraka, bila kuambiwa."

"Na ikichanganya, itatuzika Jumapili?"

Wazee wenzake wakacheka. Wakakubali, lakini kwa sababu haikuwa na gharama kwao. Ingekuwa na gharama wangeunda kamati.

Kule stoo kengele waliijaribu sana, na ililia vizuri. Majirani wawili walitoka na Biblia siku ya Jumanne.

Binti yangu alifika Jumamosi, na begi kubwa, tupu. Mtu anayekuja kutazama tu haji na begi tupu. Mjukuu wangu aliliona, akalichukua, akaliweka kwenye kona.

Jioni hiyo bando la laini yao ya Tanzania likaisha wakati wanafunga ile simu kanisani. Wakachomoa laini, wakaweka ya Zambia, waliyopewa na yule ndugu yetu wa dukani aliyechoka kuwaona ukutani kwake. Wakaondoka wanapiga miluzi.

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu, nimekaa kitandani nasikiliza. Kimya. Binti yangu alikuwa anafunga kilemba. Akasema tu, "Enhe."

Tulienda. Ibada ilianza saa moja, kanisa nusu tupu, wengine wako nyumbani wanasubiri kengele. Saa moja na nusu, tumeinamisha vichwa kwenye sala ya toba, spika ikapasuka kana kwamba lori limeangusha rimu zake zote mlangoni. Haraka haraka, bila kukosea pigo.

Mama mmoja nyuma, anayevusha mchele kila siku, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiyo ni ya Nakonde."

Kanisa zima likacheka, mchungaji naye akasubiri. Wenzetu wa Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Ile simu ilipowekwa laini yao ikajigeuzia saa yenyewe. Hapa Tunduma hata mtoto anayetembeza mayai ya kuchemsha, ukimuuliza saa, anakuuliza kwanza, "Ya huku au ya kule?" Na hawa watatu wamezaliwa hapa. Wameijua lugha ya mashine ya wazungu, wakasahau saa ya kwao. Mzee wa kanisa akatoka, akang'oa waya kwa mikono miwili kama anang'oa muhogo.

Nyumbani binti yangu hakuvua hata viatu.

"Miezi yote stoo, mkatoa kengele. Na kengele nayo imechelewa ibada."

"Mama, kosa nimeshalijua. Inachukua saa kwenye mtandao. Naiambia ishike saa ya hapa, laini iwe ya wapi."

"Utaiambia ukiwa Itumba. Jaza begi. Gari la jirani yangu linaondoka saa nane."

Mtoto akajaza begi. Kisha akakaa barazani na wenzake wawili, mashine magotini, waya umepita dirishani, wanaandika. Hakulia. Angelia ningemdharau, na alinijua.

Binti yangu alitaka ale kwanza. Akaketi, ameweka simu yake kando ya sahani, akaanza kunipa habari za Itumba. Nani kanunua bati, nani kaachwa. Kila mara aliitupia jicho ile simu. "Bado mapema. Hata saa saba haijafika."

Ukutani kwangu kuna saa, na inatembea. Yeye hakuitazama, kwa sababu anaamini kila kitu changu kimesimama. Ilisema saa nane kasoro dakika kumi. Simu yake ilikuwa imenasa mnara wa ng'ambo, kama zinavyofanya simu zote mtaani kwetu.

Mjukuu wangu aliingia kuchukua maji. Akasikia hiyo saa saba. Akatazama ukutani, halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nachambua maharage. Nikaendelea kuchambua. Sikuwa nimeulizwa saa. Mtoto akanywa maji yake taratibu akarudi barazani.

Waliondoka baadaye, mama mbele, mtoto nyuma na begi. Haukupita muda mrefu wakarudi. Gari lilikwisha kwenda zamani. Wapiga debe wa stendi walikuwa wamemuuliza, "Mama, hiyo saa yako ya wapi?"

"Gari limekataa begi?" nikamuuliza.

Mjukuu wangu hakucheka. Kijana wa fundi viatu alijaribu kutocheka, lakini shingo ndefu haifichi kitu. Ikatikisika yote.

Asubuhi binti yangu alijiandaa kwa basi dogo la kwanza, peke yake. Akasimama mlangoni, akamnyooshea mtoto ile simu bila kumtazama usoni.

"Nitengenezee hii saa."

Mtoto akabonyeza hapa na pale, akairudisha. "Sasa haitabadilika yenyewe, mama."

"Utakaa mpaka matokeo yatoke. Matokeo tu."

"Sawa, mama."

Begi lilirudi Itumba tupu kama lilivyokuja.

Mchungaji aliwaruhusu wajaribu tena, na Jumapili iliyofuata kengele ililia kwa wakati, saa ya huku. Mzee wa kanisa mwenye ile saa kubwa alifika tumeshaimba nyimbo mbili, kama kawaida yake. Hao watatu bado wako stoo, wanabishana, sasa eti wanatafuta mabano. Na mahindi yangu bado yako sebuleni. Mgeni akija namkalisha juu ya gunia.