Majua Saba ya Apiyo

"Anti, kwani kuchora husomewa mpaka lini?"

Joyline aliuliza hivyo akiwa darasa la nne. Shangazi yake Apiyo, mwenye digrii tayari na kibanda cha kuchapisha mabango mjini Eldoret, alikuwa ametangaza kwamba anarudi chuo kusomea shahada ya uzamili ya usanifu wa grafiki. Apiyo alimsogezea kikombe. "Maliza chai yako," akamwambia.

Mwaka wa pili, tasnifu yake yote ilikuwa lebo moja: ya dawa ya kuhifadhi mahindi, ya kueleweka kwa picha tu. Wakulima wanane kati ya kumi wasipoielewa, anarudia mwaka. Na kibanda kilikuwa kimefungwa nusu wiki kila wiki, wateja wameanza kumsahau.

Alichora dawa ikinyunyizwa guniani, majua saba kwa mstari, halafu sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe. Yaani ngoja siku saba ndipo upike. "Hapo umeweza!" akasema msimamizi wake, Daktari Wakoli.

Apiyo akaenda kuijaribu kwa wakulima wa Moi's Bridge, kifua mbele. Mkulima wa kwanza, Mzee Kinuthia, aliisogeza lebo karibu, akaisogeza mbali, akamwita mkewe.

"Mama Njeri, huyu msichana anataka tuanike mahindi wiki nzima."

"Na dawa ikiwa ndani? Si itapeperuka yote!"

"Si kuanika, Mzee, ni kungoja..."

"Sasa kama ni kungoja, mbona umeniletea jua? Kwani kwenu ziwani vile visamaki vya omena mnaanikia nini, mwezi?"

Mama Njeri alicheka mpaka akashika ukuta. Apiyo naye alicheka, huku akiandika "hapana" daftarini. Jioni hiyo walioelewa walikuwa watatu kati ya kumi, na mmoja wao alikuwa mwalimu. Zilibaki wiki mbili.

Kesho yake alirudi bila lebo. Aliomba kiti jikoni kwa Mama Njeri, akanyamaza, akanywa chai, akaongezwa nyingine. Ndipo akamsikia Mama Njeri akimwagiza jirani: "Hiyo maziwa ya kulala iache igande, usiguse mpaka kanisa."

"Mama, kwani hapa wiki mnahesabu na kanisa?"

"Na tuhesabu na nini?"

Lebo mpya ilikuwa na gunia, makanisa mawili, na sufuria; kanisa moja lingeweza kufika kabla ya siku saba. Mzee Kinuthia aliiangalia mara moja tu. "Napita kanisa mara mbili, ndio napika. Sasa hiyo ni ya kuuliza mtu mzima?"

Tisa kati ya kumi. Daktari Wakoli alinung'unika kwamba majua yalikuwa maridadi zaidi, kisha akatia sahihi.

Juzi Joyline, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, alimkuta kibandani, akamkumbusha kwamba bado anamdai jibu.

"Kuchora nilijua zamani," Apiyo akasema, akikata karatasi. "Ile miaka miwili nilikuwa nasomea kunyamaza wakati Mzee Kinuthia anasoma lebo."