Maua ya Nyuma ya Nyumba

Kila nikivunja jani la yale maua ya njano yanayojiotea uani kwangu hapa Bukavu, harufu yake kali hunirudisha Kavumu, asubuhi ile tuliyokimbia vita. Wengine walikuwa wakifunga mizigo. Mama alikuwa amepiga magoti nyuma ya nyumba, akimwaga mbegu kavu juu ya kaburi la mdogo wangu, aliyefariki kabla hajajua kutembea.

“Maman, nani atakuwa anamwanga maji?” nikamuuliza.

“Hii maua haiombe maji, mutoto yangu. Hata tukikosa kurudia, itajiotea.”

Akafuta udongo mikononi. Njiani alinifunga mgongoni kwa kitenge, ingawa nilikuwa nimeshakua, na miguu yangu ilining'inia hadi magotini pake.