Kong'ony Mezani kwa Kiprugut

Chelimo aliwakuta ndege wamelala ukingoni mwa kinamasi, shingo zimejikunja, mataji yao ya dhahabu yameloa umande. Mmoja alikuwa bado anapigapiga bawa chini. Alichuchumaa, akamshika kichwa, akakaa naye mpaka bawa likatulia. Hakulia. Alitazama punje za mahindi zilizomwagwa kwenye nyasi, zote zimepakwa dawa ya zambarau ya kuua wadudu, halafu akainua macho kuangalia shamba la jirani yake, Kiprugut.

Kwa miaka mingi Chelimo na akina mama wenzake walikilinda kinamasi hicho cha pale Keringet bila mshahara. Walipanda matete yalipokatwa, walifukuza mbwa msimu wa makinda. Korongo hao wenye taji, ambao Wakalenjin huwaita kong'ony, zamani walitua hapo kwa makundi makubwa. Siku hizi ukiwaona wachache unamwita jirani aje kuwatazama.

Kiprugut alitaka kukausha kinamasi apande viazi. Alichimba mitaro, akina mama wakampeleka kwa chifu, na mitaro ikafukiwa mbele ya watu. Siku hiyo alimwambia Chelimo, "Mama Travis, umeninyima shamba kwa sababu ya ndege. Tutaona nani atabaki hapa, mimi ama wao."

Sasa alikuwa amesimama kwenye ua wake, anatazama.

"Habari ya asubuhi, Mama Travis," akasema, akaushika ua. Vidole vyake vilikuwa vya zambarau hadi kwenye kucha.

Chelimo alimpa mgongo. Alimpigia simu Joash, afisa wa shirika la kuhifadhi ndege kule Nakuru.

"Mama, pole sana," Joash alisema. "Usiwaguse. Kesho nakuja na maafisa wa serikali. Tukiwapata vile walivyo, hii kesi tunashinda."

"Sawa," akasema Chelimo, akakata simu.

Lakini alijua jambo ambalo Joash hakulijua. Mchana huohuo, nyumbani kwa Kiprugut, kulikuwa na koito, sherehe ya posa. Wakwe walikuwa wanatoka Bahati kuja kumposa binti yake, Chemutai. Na ukoo mzima wa Kiprugut ungekuwepo, ukoo ambao mnyama wao, tangu mababu, ni kong'ony. Mtu wa ukoo huo hamrushii ndege huyo hata jiwe.

Akaingia nyumbani, akaoga, akavaa nguo yake ya kanisani. Akachukua gunia.

Alipofika, hema lilikuwa limejaa. Wanaume wa ukoo walikaa mstari mmoja, wakwe mstari wa pili, na katikati meza yenye kitambaa cheupe na vibuyu vya mursik. Wanawake walidhani ameleta zawadi, wakampisha. Mmoja alimsaidia hata kutua mzigo.

Chelimo akamwaga ndege mezani.

Kibuyu kilianguka, maziwa yakatiririka hadi kwenye viatu vya wakwe.

"Wakwe, karibuni Keringet," Chelimo akasema, sauti imetulia. "Huyu ndiye mnyama wa ukoo mnakooa. Baba ya msichana ndiye amewapikia."

"Huyu mwanamke ni mwendawazimu!" Kiprugut akaruka. "Mtoeni hapa!"

Kaka yake mkubwa, Kipkemboi, ndiye aliyeinuka. Akaja polepole mezani, akafungua mdomo wa ndege mmoja. Punje ya zambarau ikamdondokea kiganjani. Akaisugua kwa kidole, rangi ikabaki.

"Kiprugut, nionyeshe mikono."

Kiprugut akaisukuma mikono yote miwili ndani ya mifuko ya koti.

Kipkemboi akachukua kofia yake, akatoka. Wanaume wa ukoo wakamfuata mmoja mmoja. Wakwe walinong'onezana, wakaingia kwenye magari yao bila kuonja chochote. Chelimo alisimama pale hadi kiti cha mwisho kikabaki wazi, akiinywa raha ile kama mtu aliyekuwa na kiu ya siku nyingi.

Joash alipokuja na maafisa, walikuta manyoya tu. Watu wa ukoo walikuwa wameshawazika ndege, na mvua ilikuwa imesomba mahindi. Kesi ikafia hapo.

"Mama, nilikuambia usiwaguse!" Joash alikuwa karibu kulia.

"Korti ingempa faini, alipe, arudi kulala. Mimi nimemnyima usingizi."

"Na wale wengine wanaotega sumu huko Kuresoi? Hii kesi ingewatisha."

Chelimo akageuka, akaenda kupanda matete.

Hapo kinamasini ndipo Chemutai alipomkuta wiki iliyofuata, macho yamevimba.

"Mimi nilikukosea nini, mama?"

"Hukunikosea."

"Basi kwa nini siku yangu?"

"Kwa sababu ndiyo siku ambayo ingemuuma."

Msichana alimtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza, akaondoka. Aliolewa baadaye, na Kipkemboi ndiye aliyewapokea wakwe. Kiprugut alikalishwa nyuma kabisa, karibu na wapishi. Chelimo aliposikia hayo alicheka peke yake jikoni, kisha akamkumbuka yule msichana, kicheko kikamkauka.

Ila hakumsamehe Kiprugut. Kila Jumapili anafika kanisani mapema, anangoja Kiprugut akae, halafu anakaa benchi la nyuma yake, karibu kiasi kwamba pumzi yake inamfika shingoni. Anaimba kila wimbo kwa sauti ya juu. Sala ya Bwana ikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, anafunga mdomo, anangoja wenzake wapite, kisha anaendelea nao.