Nilivyojishtaki Mwenyewe Kwenye Semina ya Basi

Sawa, nitasema, kwa sababu nimechoka kusikia mkiisimulia vibaya huko sokoni, mnaongeza chumvi mpaka ati nilipiga mtu na sufuria. Sikupiga mtu na sufuria. Nilimshika mtu shati, na bosi akalowa, hiyo nakubali, na aibu niliipata, hiyo pia nakubali, aibu ya kutosha ukoo mzima na ingine ikabaki ya kupelekea majirani. Lakini kaeni chini niwaambie vile ilikuwa, na anayetaka kucheka angoje mwisho, maana mimi bado niko na hasira, na nikiwa na hasira chai inaungua.

Hoteli yangu mnaijua. Si hoteli ya kulala, ni ile ya mabati karibu na pale lori za Merti na Garbatulla zinapakia. Miaka kumi na tisa napika chai ya maziwa ya ngamia pale, na chapati, na nyirinyiri, ile ya vipande vidogo vikavu kwa mafuta, kama nyama imepatikana. Na kwetu sisi Waborana mtu akipewa maziwa haachi. Maziwa si maji ya bomba. Ukiacha nusu kikombe ni kama umetukana mnyama aliyeyatoa na mama aliyeyachemsha, kwa hivyo mteja akiinuka na chai imebaki, mimi nauliza. Nauliza tu! (Haya, nauliza kwa sauti.) Nauliza, wewe, hiyo umeachia nani, umeachia inzi? Na anakaa anamaliza, anaenda na tumbo imejaa. Hiyo mimi nilikuwa naita huduma nzuri.

Sasa tangu barabara ya lami ijengwe ikafunguliwa ile hoteli ya vioo, na watu wakaanza kula chipsi kama kuku wanaodonoa, kwangu kukapoa. Mwaka huu kulikuwa na siku nilipika chapati nikakula mwenyewe. Nikaanza kusema moyoni, Qabale, mpaka mfungo uje hii mlango utakuwa umefunga. Ndiyo nikasikia kuna kampuni ya basi mpya ya kwenda Moyale, inatafuta hoteli moja hapa Isiolo abiria wawe wanashukia kula. Hoteli moja tu. Basi likisimama mlangoni kwako kila siku, umepona.

Akaja msichana wa hiyo kampuni, Kendi, msichana wa Meru, mzuri, na heshima, amebeba mafaili. Akaniambia, "Shosho, hatutaki kukaa Nairobi tuamue wenyewe. Tunafanya utafiti. Tunataka tutengeneze huduma pamoja, nyinyi wenye hoteli, abiria, na sisi. Kila mtu alete kichwa yake."

Nikamuuliza, "Chai inapikwa na watu wangapi?"

"Mmoja, shosho."

"Basi hao wengine wanakuja kukoroga nini?"

Akacheka, akaniandika jina, akasema nije Jumanne kwa ukumbi, tena nije na chai yangu watu waonje. Nikapika. Wallahi ile chai ilikuwa imekolea mpaka ukiipita njiani unarudi.

Jumanne nikafika na shuka jipya na chupa mbili za chai. Na sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu ubaya wote ulianzia hapa mlangoni, kwa neno moja tu. Kendi aliniinamia akaniuliza polepole, "Shosho, kutakuwa na kuandika kidogo. Nikupatie mtu wa kukuandikia?" Angeniuliza peke yangu ningesema ndiyo, mwanangu, niandikie. Lakini nyuma yangu nani alikuwa amesimama? Hawo! Hawo huyu huyu mwenye hoteli upande wa pili wa stendi, amevaa miwani mpya, amekunja mikono, anangoja jibu langu. Mimi nilisoma miezi minne tu kabla baba anitoe niende na mbuzi, na hiyo siri nilikuwa nimeficha Isiolo nzima miaka yote. (Nilidhani nimeficha. Ngojeni.) Nikasema kwa sauti hata askari wa geti akasikia, "Kuandikiwa? Mimi? Lete kalamu!"

Tukakalishwa meza meza, tumechanganywa, mwenye hoteli na msafiri, mwenye hoteli na msafiri. Mimi nikawekwa na Guyo. Nikafurahi, kwa sababu Guyo ni mteja wangu, anauza mbuzi Garbatulla, mtu mpole, hata mbuzi wake wanamdharau. Ananiita akko, yaani nyanya, kama vile Kendi ananiita shosho. Nikamwambia, "Guyo, leo tushinde huyu Hawo." Akasema, "Inshallah, akko," lakini hakuniangalia usoni. Hapo ningejua.

Tukagawiwa vikaratasi vya njano vyenye gundi kwa mgongo, na kalamu nene. Kendi akasema kila mtu aandike jambo moja tu linalomkasirisha mtu akishuka kula safarini. Watu wakainama. Mimi nikainama pia. Nimeshika kalamu kama nashika mwiko, jasho inateremka, na Hawo huko meza ya mbele anaandika brrrr kama karani wa korti. Nikaangalia Guyo. Guyo anaandika pole pole, herufi kubwa, safi, zimesimama kama miti ya boma. Nikajiambia, Qabale, si wewe unachora hina kwa mikono ya maharusi? Hii ni hina tu. Nikafuata kijiti kwa kijiti, mviringo kwa mviringo, mpaka nukta ya mwisho nikaweka. Na ilitoka nzuri kuliko yake! Guyo aligeuka akaona, akakauka. Akafunika karatasi yake kwa kiganja. Mimi nikamkonyeza, nikadhani anashangaa vile najua.

Tukabandika ukutani. Kendi akapita anasoma kimya kimya na bosi wake, jamaa mnene wa shati nyeupe kama maziwa, na wote wawili wakasimama mbele ya karatasi zetu. Kendi akasema, "Hizi mbili zinasema kitu kimoja, neno kwa neno. Watu wawili kuona jambo moja, hii ni kitu kubwa sana kwa utafiti. Nani ameandika?"

Guyo akaangalia viatu vyake. Mimi nikaona, alaa, tumeshinda! Nikasimama, nikarudisha shuka begani, nikasema, "Ni mimi!"

"Asante, shosho. Na ni kweli?"

"Kila neno! Na nimevumilia miaka mingi, leo nimesema!"

(Nyinyi mnacheka. Niliwaambia mngoje.)

Wale wa mbele wanaojua kusoma walianza kushikana kwa kicheko. Hawo alivua miwani akapangusa, akavaa tena, akasoma mara ya pili, akaangua kicheko mpaka kiti ikalia. Nami nikacheka naye kidogo, nikidhani tumepatana. Kendi, maskini, alikuwa ameandika jina langu la kitambulisho, hili la nyumbani hakulijua, yeye ananijua kama shosho, akasoma kwa sauti ukumbi wote ukasikia: "Chai ya Akko Qabale ni tamu lakini ukiacha kidogo anakutusi mbele ya watu. Mimi nimeachwa na gari mara mbili."

Jamani. Miguu ilitoka kwangu ikaenda nyumbani ikaniacha pale.

Halafu hasira ikaja, na hasira yangu haibishi hodi. Nikapiga kelele, "Ni nani mjinga ameandika hiyo takataka?"

Na ukumbi mzima, kwa pamoja kama watoto wa madrasa, wakasema, "Si wewe!"

"Ile ingine! Hiyo ya kwanza!" Nikageuka. "Guyo! Ni wewe? Miaka sita nakulisha! Mimi nimekukalia hapa bega kwa bega, hata aibu hukuona, ukaniandika mimi niko hapo?"

Akasema sauti ndogo, "Akko, niliandika bila hofu hata ukiwa hapo. Nilijua huwezi soma. Kila mtu anajua huwezi soma. Sikujua utakopi."

Kila mtu anajua. Miaka kumi na tisa nashika gazeti kila asubuhi nikitikisa kichwa, na kila mtu anajua. Hawo naye akaongezea kutoka kule, "Qabale, juzi gazeti ulikuwa umelishika juu chini." Hiyo ndiyo iliniuma kuliko karatasi.

Hapo mtu mwenye akili angebeba chupa zake aende. Lakini basi! Nilikuwa bado nataka basi! Na Kendi, badala ya kunyamaza, macho yake yanawaka kama ameokota dhahabu, akasema, "Hapana, hii ni nzuri sana. Tusigombane, tuigize. Shosho atoe huduma kama kawaida, huyu awe abiria mwenye haraka, tuone shida inaanzia wapi, halafu turekebishe pamoja." Bosi mwenyewe akakubali kuwa dereva. Akasimama nyuma ya Guyo, akashika usukani ya hewa.

Nikasema sawa. Nitawaonyesha vile mimi ni mpole. Nikamimina chai, kikombe kizima, imejaa mpaka mdomoni, moto. "Karibu, mgeni," nikasema, na sauti tamu hata mimi nikajishangaa. Guyo akanywa kidogo. Bosi akafanya na mdomo, "Piiii! Piiii! Moyale, tunaenda!" Guyo akaweka kikombe chini. Chai nusu. Maziwa ya ngamia. Mbele ya Hawo.

Wallahi sikupanga. Mkono ulienda wenyewe. Nilimshika shati nikasema, "Hiyo umeachia nani?"

"Akko, ni mchezo!"

"Maziwa si mchezo! Maliza!"

"Piiii!" akasema bosi, na yeye amefurahia kazi ya udereva, amesogea karibu zaidi.

"Akko, ni moto!"

"Maliza!"

Na Guyo, kwa sababu ya kuniogopa miaka sita, akainua kikombe akaimwaga yote mdomoni mara moja. Sasa nyinyi mnajua chai yangu vile inakaa moto. Macho yakamtoka, akageuka upande asinitemee mimi (heshima bado alikuwa nayo), na huko upande ndiko bosi alikuwa na shati yake nyeupe. Puuu! Kutoka kidevu mpaka mshipi. Shati ya Guyo kwa mkono wangu ikararuka, vifungo viwili vikaruka, kimoja kikagonga miwani ya Hawo. (Hiyo peke yake ndiyo sijutii.)

Bosi anadondoka chai. Na mimi hata hapo sikunyamaza! Nikasema, nikilia karibu, nikitukana karibu, "Kama haraka yenu ni ya namna hii, basi si mtu apewe kikombe kidogo, cha kumaliza kwa pumzi moja, na akitaka ingine aongezewe bure! Hakuna chai itaachwa, hakuna mtu ataachwa na gari! Hiyo inahitaji semina?"

Nikachukua chupa zangu nikatoka. Nilipofika mlangoni nikageuka, nikaona Kendi anaandika. Anaandika mbio mbio, kwa karatasi ya njano.

Wiki mbili baadaye basi lilianza. Likasimama wapi? Kwa Hawo. Haya, nilitegemea nini, mimi nimemwagia bosi chai. Hiyo ningemeza. Lakini nikapita pale siku ya tatu, nikijifanya natafuta chumvi, nikaona abiria wameshika vikombe vidogo vidogo, wanamaliza kwa pumzi moja, Hawo anazunguka na chupa anaongeza, na hakuna anayelipia ya pili. Ukutani wameweka bango kubwa. Nikamwomba msafiri mmoja anisomee. (Ndiyo, niliomba, mbele ya watu. Siri ilishakufa, nifiche nini?) Akasoma, "Huduma hii tumeitengeneza pamoja."

Kendi alikuwa hapo na mafaili. Nikamwendea. Nikamwambia, "Kikombe hicho ni changu."

Akasema kwa upole, "Shosho, lilikuwa wazo la kikao chote."

"Kikao chote ndicho kilichekwa?" nikamuuliza. "Aibu ilikuwa yangu peke yangu, wazo likawa la wote? Hiyo pamoja yenu inagawanya namna gani?"

Akainamisha kichwa. Akasema atawaambia Nairobi. Mpaka leo Nairobi haijasikia.

Kwa hivyo mimi nimeapa, na nyinyi mko mashahidi. Mtu akiniuliza tena kama najua kuandika, nitasema sijui, kwa sauti ile ile ya siku ile, Hawo asikie, na askari wa geti asikie. Na nikiwa na neno la maana kichwani, mwenye kalamu ataandika kwanza jina langu, anisomee nisikie, ndiyo nifungue mdomo. Hasira nayo siwezi kuapia, hiyo nilizaliwa nayo.

Hoteli bado iko, kidogo kidogo. Guyo alirudi baada ya mwezi, ameshona vifungo kwa uzi wa rangi ingine, akakaa mwisho wa benchi karibu na mlango. Nikamletea kikombe kizima, maana mimi vidogo sitaweka, Hawo aweke. Alikunywa, akainuka, akaniaga vizuri. Nikaangalia ndani. Ameacha kidogo, vidole viwili hivi.

Nikafunga mdomo na mikono yote miwili. Nikangoja lori yake ipige kona kabisa, ndiyo nikainywa mwenyewe, nikamtukana nimesimama.