Mkulima Asiye na Mifupa

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Jana ulinikumbusha, uliponiletea yule bibi harusi wako, mwanasesere wa sinema: kapakwa rangi mdomoni, kavishwa hereni, na ukimwachia analala kifudifudi. Nyie watoto!

Nilikuwa msichana pale Kilosa, miaka ile watu wanahamia vijiji vya ujamaa. Wazazi walikuwa wameshafariki, nami mkubwa nimeacha shule niwalee wadogo zangu wawili. Shangazi akaja kuwachukua, mmoja akae kwake Msowero, mwingine apelekwe Kidete. "Huna kazi, utawalisha nini?" Nikamwomba angoje, maana Mzee Mloka alikuwa akitafuta msaidizi.

Mzee huyo alitengeneza wanasesere wa sinema ya kufundisha kilimo. Unapiga picha moja, unausogeza mkono kidogo, unapiga nyingine. Picha zikikimbizwa, mwanasesere analima. Mimi, kama jaribio la kazi, nilipewa kumtengeneza mkulima mmoja anayeinua jembe.

Nikaokota waya wa kufungia marobota ya katani, nikaukunja harakaharaka, kisha nikashinda kwenye uso: nyusi, ndevu, halafu kanzu yenye vifungo. Tulipoanza kupiga picha, ukiinua mkono, waya ule mkaidi unaurudisha. Ukigusa bega, anaanguka, na akianguka tunaanza upya. Shangazi kakaa mlangoni, mafurushi ya watoto miguuni, anacheka.

"Mkulima gani huyu, analala hata hajalima?"

Mzee Mloka hakucheka. "Mvue."

"Mzee, kanzu nimeishona kwa mkono."

"Mvue! Unamvika kanzu mtu asiye na mifupa? Nyumba unaanza kuijenga kwa pazia, binti?"

Nililia kwa hasira. Shangazi akainuka, eti atachelewa gari.

"Shangazi, nakuomba, kaa kidogo tu."

Nikambandua mkulima wangu mpaka akabaki hana kitu. Nikasokota waya laini, nikauzungushia nyuzi za katani, nikampitishia msumari unyayoni hadi chini ya ubao aliosimamia, nikaukaza. Hakuwa na uso wala nguo. Lakini aliinua jembe, picha baada ya picha, na kila alipoachwa alibaki amesimama.

Shangazi akamsukuma kwa kidole. Akamsukuma tena, kwa nguvu. Hakuanguka.

"Kesho uje mapema," Mzee Mloka akaniambia. "Kijiji kizima cha wanasesere hakina mifupa."

Shangazi akasonya, akaanza kufungua mafurushi. Aliondoka na kuku wetu wawili badala ya watoto wawili.

Sasa nisikilize, maana nimechoka kurudia. Mvue huyo bibi harusi wako. Anza na waya unaotii, kisha miguu, kisha msumari. Akisimama bila mkono wako, ndipo uje nikupe kitambaa, usije kabla. Na kazi yoyote utakayoishika maishani, anza na kile ambacho watu hawatakiona.

Mungu akupe mikono mitulivu, mwanangu, na nikishaondoka akupe mtu mwingine wa kukukasirikia.